Fremu Kumi na Tisa Nisizoziandika

Haya, kaeni nyie, mimi nitasimama. Tangu nistaafu kiti kimenikataa. Nakaa dakika tano, nainuka, nachungulia dirishani kuona nani anavuka uwanja wa mtaa wetu huu wa Rinkeby, Uswidi, na mfuko gani, narudi, nakuta nimesahau nilichokuwa nikisema. Binti yangu ananiambia, mama, pumzika. Kupumzika ni kazi, na mimi sikufundishwa. Vijana mmeniomba niwaandikie nilichokuwa nikifanya miaka yote ile kwenye ghala la filamu, kwa sababu wengi wenu mlidhani nilikuwa nafagia. Nilifagia kweli, miaka minne ya kwanza, na ufagio hauna aibu. Lakini niliingia pale na ufagio nikatoka na mkasi, na habari za mkasi ndizo zinazonikosesha kukaa.

Kazi yenyewe ni hivi. Filamu za zamani zilikuwa mkanda mrefu uliozungushwa kwenye kigurudumu tunachokiita rili. Kwenye mkanda kuna picha ndogondogo zimepangana, kila moja ni fremu, na zikipita ishirini na nne mbele ya taa, sekunde moja ya maisha yako imekwenda. Pembeni kuna matundu ambayo mashine hushika ili kuuvuta. Mkanda ukizeeka unakauka, unasinyaa, unapasuka, matundu yanang'oka. Sisi tuliukagua mita kwa mita, tukausafisha, tukaziba palipochanika, kisha tukaandika kwenye kadi ya rili kila tulichogusa. Basi. Anayeona ni rahisi na avae glavu za pamba kutwa nzima, halafu pua imwashe.

Nisidanganye, sikuanzia hapa. Baba yangu alikuwa mwonyesha picha kwenye sinema moja ya Tanga. Nilikuwa nampelekea chakula kwenye chumba cha mashine kule juu, nikawa sishuki. Mkanda ukikatika katikati ya picha, chini huko ni zogo, watu wanapiga miluzi, maganda ya machungwa yanaruka, kuna wanaomtukania baba mama yake, Mungu amrehemu. Baba hakupepesa. Alikata palipochakaa huku na huku, akakwangua, akapaka gundi, akabana, akawasha. Ungehesabu polepole usingefika sitini. Alikuwa na sheria moja tu: kibovu kata, kizima unga, watu wasingoje. Siku moja kwa haraka hiyohiyo alitanguliza rili ya tano kabla ya ya nne. Jambazi akafa, watu wakashangilia, halafu rili iliyofuata jambazi huyohuyo akaingia amepanda farasi. Mnadhani walidai warudishiwe kiingilio? Walishangilia maradufu, wakasema jamaa ana dawa.

Ngoja nizime jiko, chai inafurika.

Haya. Aliyenitoa kwenye ufagio anaitwa Gunvor, Mswidi, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Alikuwa fundi mkuu wa mikanda. Mwanzoni nilimwita Mama Gunvor, akageuka kutazama kama mamake kaingia. Siku moja alinikuta nimeacha ndoo, nimeinama juu ya meza yake, kidole kinatembea pembeni mwa mkanda. Nilidhani nimefukuzwa. Akaniuliza nasikia nini. Nikamwambia kuna matundu matatu yamekufa hapo mbele, kabla hata jicho halijayafikia. Akavuta kiti. Tangu hapo nikawa wake.

Mengi alinifundisha na mengine nawapa bure. Ukitaka kujua upande upi wa mkanda una picha, gusa kwa mdomo: upande wa picha unanata kidogo. Mkanda ukianza kunuka siki, utenge na wenzake haraka, maana ugonjwa ule unaambukiza. Ile ya zamani zaidi inashika moto upesi kuliko petroli, kwa hiyo vipande vyake hutupwa kwenye pipa la maji, wala hupeleki nyumbani kuwaonyesha watoto. Andika kwa penseli, wino unasafiri. Na kubwa kuliko yote: usichokiandika kwenye kadi, umekiiba. Hilo la mwisho alilirudia mpaka nikawa namwigiza mgongoni, namkunjia pua. Siku hizi mashine inapiga picha fremu zote, kompyuta inafuta mikwaruzo, na kijana anakunywa kahawa akitazama. Sina kinyongo. Lakini kompyuta nayo inaamini kadi.

Sasa niwaeleze filamu, kwa sababu bila hiyo hamtanielewa. Ilitoka Hollywood miaka ile sinema ilipoanza kusema na kuimba. Ni habari za mwanamke wa jukwaani, mwimbaji na mchezaji, anayezunguka na kundi lake mji hadi mji, sanduku moja, treni baada ya treni. Hata kula anakula amesimama. Nilimpenda siku ya kwanza, nikajiona mimi. Ila alikuwa bubu. Sauti ya filamu za aina ile haikuwa kwenye mkanda, ilikuwa kwenye santuri kubwa kama sinia ya pilau, santuri moja kwa kila rili, na hizo santuri zilikuwa zimepotea. Tulimwona anafungua kinywa, koo linacheza, mikono inapepea, na chumba kizima kimya. Mimi na Gunvor tulimpa jina: Msafiri.

Na hapa sikilizeni vizuri. Filamu ya santuri ina mwiko wake. Mwonyesha picha wa enzi hizo aliweka sindano kwenye alama ya mshale, mkanda kwenye fremu ya kuanzia, akawasha vyote pamoja. Mkanda ukikatika, akitoa fremu kumi ni lazima aweke nyeusi kumi mahali pake. Santuri haijui kwamba mkanda umefupika, yenyewe inaendelea na hesabu yake. Ukikata bila kufidia, kuanzia hapo picha inatangulia na sauti inaburutika nyuma. Baba hakuwahi kuonyesha filamu ya santuri maishani mwake. Mwiko huo hakuujua, kwa hiyo hakunirithisha.

Kiangazi kimoja Gunvor alikwenda kwenye nyumba yake ya mapumziko, akaniachia rili za Msafiri. Aliniagiza nikague na kuandika tu, nisikate chochote mpaka arudi. Mimi nilikuwa bado kwenye majaribio ya kazi ya mikanda. Nikafika rili ya nne. Pale Msafiri amekosa treni. Yuko kwenye chumba cha abiria kituoni na watu watatu asiowajua: askari, mama mjamzito, na mzee mwenye kuku kwenye tenga. Anakaa, anainuka, anakaa, mwisho anapanda juu ya sanduku lake na kuwaimbia. Katikati ya wimbo huo mkanda ulikuwa umechanika, matundu yameliwa, fremu zimekunjamana kama ngozi ya maziwa. Wallahi sikupanga. Mkono ulikwenda wenyewe. Kibovu nikakata, kizima nikaunga, na kwa bahati kata yangu iliangukia pale picha inapohama kutoka kwa Msafiri kwenda kwa mzee wa kuku, kwa hiyo jicho halioni pengo. Ulikuwa uungaji wangu bora kuliko wote. Nilihesabu vile vipande kabla sijavitia kwenye pipa: kumi na tisa.

Kisha nikashika kadi. Nilishika penseli muda mrefu kuliko nilivyoshika mkasi. Nikiandika, nimekiri nimekaidi, na majaribio yangu yamekwisha. Nikajiambia filamu ni bubu, fremu kumi na tisa hazifiki sekunde, nani ameumia? Nikaandika: hakuna kilichorekebishwa. Gunvor aliporudi alisoma kadi, akatia sahihi, rili ikarudi kwenye chumba cha baridi zinakohifadhiwa. Aliiamini kwa sababu ni mwandiko wangu. Baadaye alistaafu, akafariki, na kwenye maziko yake nililia kuliko watoto wake, watu wakanisifu kwa moyo mzuri.

Miaka ikapita, mingi. Nikawa mimi ndiye fundi wa mikanda, mwenye kadi zisizo na kosa, naletewa wanafunzi niwafundishe. Ikabaki miezi minne nistaafu. Ndipo zikapatikana santuri. Sinema moja iliyofungwa huko kaskazini ilikuwa inabomolewa, kwenye kabati wakakuta santuri za Msafiri, zote, kwenye karatasi zake.

Wa kushughulikia sauti alikuwa Espérance. Huyu ni Mkongomani wa Uvira, umri wa arobaini na kitu, mama wa watoto wawili, na fundi wa sauti hasa. Angeweza kukwambia sindano imechakaa kabla hujaiona. Alikuwa kwenye kazi ya majaribio ya miezi sita. Anaishi Fisksätra, pembeni mwa mji, kwenye chumba alichopangishiwa na mtu ambaye naye amepanga, na bila kazi ya kudumu hakuna mwenye nyumba wa kumpa mkataba wa jina lake. Mchana tulikula pamoja, yeye na sombe yake, kisamvu cha mawese, mimi na wali wa nazi. Alisema Kiswahili changu kimevaa tai. Nilimwambia chake kimetoka kuoga, hakijavaa kitu. Kutwa nzima tunasema Kiswidi na kila mtu, halafu ile nusu saa tunacheka kwa Kiswahili mpaka wenzetu wanafunga mlango. Nilikuwa naisubiri nusu saa hiyo tangu asubuhi.

Bosi wetu Lennart alisema wazi mbele yetu sote: Msafiri ataonyeshwa akiwa na sauti yake kwa mara ya kwanza, na Espérance akiikamilisha kazi hiyo vizuri, nafasi ya kudumu ni yake. Asipoweza, majaribio yanaishia pale.

Espérance akaniita rili ya nne ilipokuwa tayari. Alitaka mimi niwe wa kwanza kumsikia. Wanangu, nilikuwa nimemtazama mwanamke yule bubu miaka na miaka. Akapanda kwenye sanduku, akafungua kinywa, na sauti ikatoka! Nzito kidogo, ya mtu aliyechoka, anaimba na kuku wa mzee anasikika nyuma. Machozi yalinitoka. Kisha picha ikahama kwa mzee, ikarudi kwa Msafiri, na kinywa chake kikawa kimetangulia. Anafumba, sauti ndiyo inafika. Sikuhitaji kuhesabu. Espérance akasimamisha, akaniuliza naona anachoona yeye. Nikasema labda ni mashine yake.

Nimeliandika hilo na nimezunguka meza mara tatu. Labda ni mashine yako, nilisema.

Angeweza kusogeza sauti ikafuata kinywa, ni kazi ya dakika mbili. Lakini pale kwetu huburuti sauti bila sababu iliyoandikwa. Lennart alitazama kadi, kadi ni safi, na kadi ile ni ya Mwanaidi, yaani mimi, ambaye hakosei. Kwa hiyo mkanda ni mzima, kosa liko kwenye sauti, arudie. Akarudia. Akapima upya mwendo wa santuri, akabadilisha sindano, akarudia tena, na kila mara santuri ile kongwe inachezwa, inalika. Lennart akaanza kumwandikia barua fupi za upole, ule upole wa ofisini ambao ukiusoma mara ya pili unagundua umeshaonywa. Espérance akawa hali. Anafungua sombe, anaifunga.

Mtasema, kwa nini hukusema? Nami nilijiuliza hivyo kila asubuhi kwenye treni ya chini ya ardhi, stesheni kwa stesheni, na kila asubuhi nilishuka na jibu jipya. Niliogopa. Niliona aibu, si ya mkasi, ya kadi. Wanafunzi wangu wangefungua kadi zangu zote na kuzitilia shaka, na wangekuwa na haki. Keki ya kuniaga ilishazungumziwa. Nilijipa moyo kwamba labda Lennart atachoka, atakubali sauti isogezwe, mambo yaishe. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nauficha kwa mikono miwili huku mwenzangu anapigwa. Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili. Ya tatu.

Mkinichukulia neno moja kwenye maandishi haya yote, chukueni hili: kosa mtafanya, hata fundi anafanya, mkono una tabia zake. Liandikeni siku hiyohiyo, hata kama mwandiko unatetemeka. Likilala siku moja linakuwa siri, na siri inataka kulishwa.

Katika wiki hiyo ya tatu Espérance alinifuata kwenye chumba cha chai, akafunga mlango. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama Mwanaidi, masikio yangu inakufa. Hata kanisani naona kinywa ya pasta inatangulia." Alikuwa ameweka miadi ya kupimwa. Fundi wa sauti kwenda kupimwa masikio, mnaelewa? Ni sawa na dereva kwenda kupimwa macho akijua watamnyang'anya leseni. Akaniomba nimsindikize, kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Nikasema nitakuja, dada yangu. Nilisema hivyo: dada yangu.

Tukaenda. Ilikuwa baridi ya kung'ata. Alipoitwa, alivua koti lake, lile kubwa jeusi, akatafuta pa kuliweka, nikampokea. Nikakaa nalo mapajani. Mfukoni mlikuwa na glavu ndogo ya mtoto, moja tu. Mlango wa chumba cha kupimia haukufungwa sawasawa, nilimwona amevaa vipokea sauti, amefumba macho, mkono juu, anangoja kusikia kitu ili anyooshe kidole. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesali. Nikainuka, nikakaa, nikainuka. Muuguzi akaniuliza kama na mimi nina miadi.

Alitoka na karatasi anacheka. Masikio yake ni mazima, wamemwambia, mazima kama ya msichana. Alinishika bega, akamshukuru Yesu, nami nikaitikia kwa Mungu wangu. Halafu nikaona kicheko kinaondoka usoni mwake kidogo kidogo. Akakaa. Akasema, "Basi ni mimi. Kumbe sijui kazi."

Hapo ndipo niliposema. Nilisema nikiwa nimesimama mbele yake, na watu wamejaa kwenye viti. "Espérance, ni mimi niliyekata. Fremu kumi na tisa, zamani, kabla hujaja. Sikuandika kwenye kadi."

Hakupiga kelele. Nikaona anahesabu kichwani, anagawanya kumi na tisa kwa ishirini na nne, analinganisha na alichokuwa akikisikia wiki zote zile. Hesabu ikamkubali. Akaniuliza nilijua lini kwamba tatizo ni hilo. Nikamwambia tangu siku ile ya kwanza, aliponiita nisikilize.

Akatazama mapaja yangu kwanza, kana kwamba bado nimekaa, kisha mikono yangu. "Na ulikuwa unanishikia koti," akasema.

Akalichukua. Akavaa, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akaondoka. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwa Lennart, na sijui nilifikaje, nadhani nilitembea. Nilimweleza kila kitu. Kadi ikaletwa, nikaandika chini ya mwandiko wangu wa ujana, kwa penseli, nikatia tarehe ya siku hiyo. Rili ikatolewa kwenye baridi, tukaongeza fremu kumi na tisa nyeusi, na wimbo wote wa Msafiri ukakaa kinywani mwake mpaka noti ya mwisho. Lennart alisema ni vizuri kwamba sasa imeandikwa. Hakusema zaidi, na keki ililetwa siku yake ilipofika, yenye jina langu. Filamu ilionyeshwa, watu walipiga makofi wamesimama. Kuna giza dogo katikati ya wimbo ule, ukipepesa hulioni. Espérance alipata kazi ya kudumu, na baadaye nikasikia amepata nyumba.

Asubuhi iliyofuata siku ile ya kupimwa masikio nilimkuta kwenye chumba cha chai. Nikamwamkia kama siku zote, habari za asubuhi, dada. Akanijibu kwa Kiswidi. Nikadhani ni kwa sababu kuna watu. Kesho yake tulikuwa wawili tu, akanijibu kwa Kiswidi. Hakununa wala hakunikata jicho. Aliniuliza hali ya hewa, akanipisha kwenye birika, Kiswidi safi, cha adabu, hakina kosa hata moja. Ikawa hivyo miezi mitatu. Siku ya kuagana alikuja kwenye foleni na wengine, akanipa mkono, akanishukuru kwa ushirikiano, akanitakia mapumziko mema, yote kwa Kiswidi.

Nami nikamjibu kwa Kiswidi. Ningefanyaje, wanangu?